Gari inamisi silinda namba 2, naomba ushauri kabla sijanunua nozeli (kipulizia petroli kwenye silinda)

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga. Gari yangu ya mtumba, cc 1490, inatetemeka ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), na nikipandisha Mombo kwenda Lushoto inakosa nguvu kabisa, taa ya injini inawakawaka. Fundi wa Ngamiani kapima kwa mashine, ikatoa kodi P0302, yaani silinda namba 2 inamisi, haiunguzi petroli sawasawa. Tukahamishia koili yake (inayopeleka umeme kwenye plagi) silinda namba 3, kodi haikuhama, kwa hiyo koili ni nzima. Plagi ya namba 2 ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Zile tatu zina rangi ya kahawia, kavu.

Fundi anataka tubadili nozeli zote. Mimi naona tupime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza. Aliyepitia hili anisaidie: nitajuaje kwamba nozeli inavuja? Naogopa petroli isiyoungua isije ikaua masega ya ekzosi (kichujio cha moshi).