Mzee kasema "nitakujulisha", sasa hapokei simu

Bati Jipya:
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Mimi nanunua nyumba chakavu, nabadilisha bati, naweka choo cha ndani, napangisha. Mwezi wa pili nilimfuata mzee mmoja Temeke. Nyumba ya vyumba sita, ukuta wa nyuma umepasuka mpaka unaona kuku wa jirani. Nikataja milioni 60. Akasema, "Sawa kijana, nitakujulisha." Nimempigia kila Jumatatu, wiki tano. Sasa simu inaita mpaka inakata. Niendelee au niachane naye? Naogopa dalali asije akaniwahi.

Mzee wa Daftari:
Kila Jumatatu! Unamdai? Wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kali, ndio wanakusanya hivyo.

Nenda kwa miguu, baada ya alasiri, umkute barazani. Salimia, kaa, nyumba usiitaje mpaka aitaje yeye. Mimi nina daftari, kila mwenye nyumba na ukurasa wake, na siandiki bei tu, naandika maneno yake. Mama mmoja wa Buguruni aliniambia, "Labda mdogo wao akimaliza fomu foo." Nikaandika. Mwaka ule nilipita kwake mara tatu tu. Mara ya pili nikakuta msiba nyumba ya pili, nikakaa turubaini, nikatoa rambirambi, nikaondoka bila kugusia biashara. Novemba mtoto alipomaliza mtihani, mama akanipigia mwenyewe. Kuna dalali alishamwahidi hela nzuri kuliko yangu, ila hakurudi tena.

Halafu "nitakujulisha" ya mzee mara nyingi ina maana kuna mtu wa kumuuliza: mke, watoto, au marehemu. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema. Na kama kiwanja kina jina la marehemu, mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hapo unanunua kesi.

Binti wa Magomeni:
Mimi niko upande wa wenye nyumba. Baba alipougua, simu za wanunuzi zilizidi za ndugu. Mmoja aliuliza, "Mzee bado yupo?" Kesho yake kaka akachukua rangi nyekundu, akaandika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI. Ingekuwa inauzwa pia tungeandika.

Bati Jipya:
Nimerudi. Jumamosi nilikwenda, nikamkuta anahangaika na bomba linalovuja, nikamshikia spana. Hatukuongelea nyumba karibu saa nzima. Kumbe simu yangu hapokei kwa sababu mkewe alimwuliza, "Huyu wa kila Jumatatu ni nani?" Na kiwanja ni cha marehemu kaka yake, mirathi haijafunguliwa, na watoto wawili wa marehemu wako Mwanza. Wanakuja Idi. Nimenunua daftari.