Waridi la kitalu nyumba: nikandamize, nining'inize au ninunue silika jeli?

MamaVitalu: Wakuu, habari za jioni. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15. Nyanya zimenichosha, nimehamia maua, nataka kuyakausha niuze. Kuna jamaa ananiuzia silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) kilo 10 na anataka jibu kabla ya Jumamosi. Ninunue, au nikandamize tu kwenye vitabu, au nining'inize?

MzeeWaMbolea: Maua gani, dada? Uko wapi? Unatengeneza kadi au mapambo ya harusi? Umekuja kama mgonjwa anayesema "naumwa" halafu ananyamaza.

Kipepeo: Ning'iniza. Gharama yake uzi. Kata asubuhi umande ukishakauka, pukutisha majani ya chini, funga vishada vya mashina matano matano, kichwa chini, chumba cha giza chenye hewa. Wiki mbili tatu umemaliza. Hayo mengine ni kumtajirisha muuzaji.

BintiWaLushoto: Kipepeo, kila uzi ukifunguliwa humu wewe ni kuning'iniza tu! Kwa kadi hakuna kama kukandamiza. Ila liwe ua jembamba, kama kosmosi, au jani la kangaga. Waridi zima ukililalia na kitabu linatoka kama andazi lililokanyagwa. Lichambue petali mojamoja. Na karatasi ya kunyonya maji ibadilishwe kila siku mwanzoni, la sivyo zinageuka kahawia.

Mbezi_Juu: Nisikilizeni mimi niliyelia. Mwaka juzi nilijifanya mjanja: kwa nini nitafute chumba wakati kitalu chenyewe kina joto? Nikafunga kamba humohumo, nikaning'iniza mawaridi mekundu zaidi ya 200 ya oda ya harusi. Mchana joto la kukaanga mtu. Usiku sasa! Mvuke unaganda kwenye nailoni, alfajiri matone yanadondokea maua tap tap tap. Na ilikuwa masika. Siku ya sita nikaona vumbi la kijivu, nikadhani vumbi kweli, nikapuliza. Kumbe ukungu, nimeusambaza mwenyewe kwa mdomo! Yaliyopona jua lilishayababua, mekundu yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Bibi harusi alipoyaona hakusema neno, alirudisha tu ndoo. Pesa yake nililipa kwa awamu tatu.

Kipepeo: Pole, lakini mimi nilisema chumba cha GIZA.

MamaVitalu: Samahani wakuu, niko Tengeru. Nina waridi na statisi. Nataka yabaki na umbo lake, niyaweke kwenye fremu za kioo.

MzeeWaMbolea: Ungeanza na hilo. Kama ni umbo, waridi lifukie kwenye silika jeli, chombo kifungwe kabisa, kama wiki moja. Jeli ikilowa unaikausha kwenye oveni, unaitumia tena. Fremu nayo uizibe vizuri, ua kavu hunywa unyevu likalegea upya. Statisi usiipotezee jeli, hiyo ukiining'iniza inakauka na zambarau yake.

BintiWaLushoto: Uliza pia rangi. Ile ya bluu inayogeuka pinki ikilowa ina kobalti, ni sumu. Usiiweke kwenye oveni ya mkate wa watoto.

Wa_Naivasha: Mimi swali langu ni lingine. Statisi inafanya nini ndani ya kivungulio? Si imee nje tu! Na waridi mnunue yale yanayokataliwa na mashamba makubwa kwa ajili ya bua kupinda. Ukikausha kichwa, bua la nini?

Kipepeo: Kivungulio ndiyo nini?

Wa_Naivasha: Hicho mnachoita kitalu nyumba. Kitalu ni cha miche, bwana, tena sasa kimekuwa nyumba?

MzeeWaMbolea: Na nyie kivungulio mnavungulia nini? Ndizi?

Mbezi_Juu: 😂😂 Niite chochote, mradi nguzo zisiwe za mbao. Zangu mchwa walimalizia pale ukungu ulipoishia.

Kipepeo: Mbao ukiipaka oili chafu inakaa.

Mbezi_Juu: Nilipaka. Walikula na oili.

MamaVitalu: Nimempigia jamaa, anasema jeli yake ni nyeupe.

BintiWaLushoto: Nyeupe haikuonyeshi imelowa lini. Punje zake zikoje, za mchele au za maharage? Kubwa zinaacha alama kwenye petali.

MamaVitalu: Ngoja nimuulize. Hapokei sasa.

Wa_Naivasha: Na hizo nyanya zilikuchosha nini hasa? Mnyauko? Maana udongo ni uleule.