Windows 10 upya, Windows 11 au Linux Mint? Mashine ya ofisi, Arusha

Kijenge_Juu
Wakuu habari za jioni. Mashine ya ofisi imekuwa nzito, matangazo yanajifungua yenyewe, na asubuhi nyingine inagoma kuwaka. Nimeamua kufuta na kupiga mfumo upya. Niko njia panda: Windows 10 ileile, nipande 11, au nihamie Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows? Bakapu ninayo kwenye eksteno, ila sitaki kurudisha takataka zote. Jumamosi nataka kuanza. Naombeni ushauri.

fundi_levolosi
Mkuu, prosesa ni kizazi cha ngapi? RAM? Diski ni SSD (ya chipu) au ile ya kuzunguka? Kazi zako ni zipi, na hiyo bakapu uliichukuaje? Bila hayo tutakupa ushauri wa mashine ya mtu mwingine.

Kijenge_Juu
HP EliteBook 840 G3, i5 kizazi cha 6, RAM 8GB, diski ya kuzunguka 500GB. Tuna kampuni ndogo ya utalii: kotesheni kwa Excel, barua pepe kwa Outlook, picha, na Tally, programu ya hesabu ya mhasibu. Bakapu nilikopi folda nzima ya Users.

BabaDoreen
Piga 10, ulale. Mashine hiyo na 10 wanaelewana. Leseni usihangaike nayo: kama ilikuwa halali, ukirudisha toleo lilelile inajitambua yenyewe ikiingia mtandaoni.

sakina_mjini
Baba Doreen, 10 imeachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama kwa anayejiandikisha, nayo ni ya muda tu. Ofisi inayopokea malipo ya wageni kwa barua pepe haifai kukaa hivyo.

fundi_levolosi
Na 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama. Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kupigia mfumo, inaweza kuruka ukaguzi huo, nimewapigia wateja wengi na zinafanya kazi, ila Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Tux_wa_Njiro
Ndiyo maana nasema Mint. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029 na halidai kizazi chochote. Weka kwenye flashi, washa mashine kutoka hukohuko, ujionee wifi na printa kabla hujafuta chochote.

BabaDoreen
Na Tally je, si ni ya Windows? Mhasibu atafanyia kazi wapi?

Tux_wa_Njiro
Mhasibu apewe mashine yake.

Mama_Elia_Moshi
Kaka, kabla hujabishana 10 na 11, nisikilize mimi. Mwaka jana binti yangu alikuwa anamalizia tasnifu, mashine ikajaa virusi. Tukaipeleka kwa fundi mmoja hapa Moshi. Nikamwambia wazi: C futa, D usiiguse, kazi yote ya mtoto iko D. Jioni naifuata, nakuta inang'aa, ina C peke yake. Alifuta patisheni zote, yaani sehemu za diski, akatengeneza moja, eti ndiyo inakuwa nyepesi. Mtoto alilia mpaka usiku. Kijana wa jirani akatusaidia na PhotoRec, programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa, ikafukua maelfu ya mafaili, lakini yote yamepoteza majina, ni herufi f na namba tu. Tulifungua moja moja tukitafuta sura ya nne. Tulipata rasimu ya zamani, ile ya mwisho haikupatikana. Usiifute diski hiyo Jumamosi. Tafadhali.

fundi_levolosi
Pole sana mama. Na hapo bila shaka ilikuwa diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, hata hizo zisingefukulika kirahisi, maana amri yake iitwayo TRIM husafisha nafasi iliyofutwa.

Kijenge, bakapu yako ina tundu. Kama Tally yenu ni ERP 9, data zake zinaweza kuwa zinakaa C:\Tally.ERP9\Data, nje ya Users. Hesabu za kampuni huenda hazimo kabisa kwenye eksteno. Mhasibu pia aiachie (surrender) leseni ya Tally kabla ya kufuta, ili iweze kutumika tena.

Ya kurudisha: Documents, Desktop, Pictures, na faili la Outlook la .pst lenye barua pepe. Yale ya .ost yaache, ni nakala tu, yanajishusha upya kutoka kwenye seva. AppData, folda ya mipangilio ya programu, usiirudishe nzima, humo ndimo uchafu hujificha. Chukua faili la Bookmarks la Chrome tu. Nywila ulizohifadhi Chrome zitoe sasa mashine ikiwa bado inawaka, kwani ukilikopi faili lake kwenye Windows mpya halifunguki. Usirudishe .exe (programu), .lnk (njia za mkato) wala .vbs (skripti) hata moja.

sakina_mjini
Na ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda za zamani, ni umiliki wa akaunti ya awali. Ingia kama msimamizi, uchukue umiliki.

fundi_levolosi
Hiyo G3 ina nafasi ya M.2 (ya SSD nyembamba) pamoja na ya diski ya inchi 2.5. Nunua SSD, piga mfumo humo, diski ya zamani ichomoe uiweke kabatini. Ukikosa faili miezi mitatu baadaye, lipo.

BabaDoreen
SSD za bei rahisi zinakufa bila taarifa. Ya kuzunguka hupiga kelele kwanza.

Tux_wa_Njiro
Hilo si kweli. SMART, ripoti ya diski yenyewe, inaonyesha afya ya SSD, watu hawaangalii tu.

BabaDoreen
Mbili zimenifia mkononi, zote SMART ilikuwa nzuri.

Kijenge_Juu
Nimeangalia eksteno, folda ya Tally haimo. Mhasibu yuko Rombo msibani, anarudi Jumatatu, kwa hiyo sifuti. Mama Elia, asante sana, mpe pole binti. SSD ya 256GB inatosha au nichukue 512?

sakina_mjini
Picha za wageni ni GB ngapi?

Tux_wa_Njiro
512, halafu ugawe, Windows upande mmoja na Mint upande wa pili.

BabaDoreen
Tux, mwache mtu na ofisi yake.