Naomba ushauri: mkeka wa gofu wa Masters umelipwa nusu, ni halali?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtu wa mpira, gofu nimeingia juzi juzi tu kwa kuvutwa na shemeji yangu.

Masters ya 2025 kule Augusta, Marekani, nilimwekea Bryson DeChambeau amalize ndani ya 5 bora. Dau 20,000, odi 3.00. Jumapili nikakesha hadi saa nane usiku. Shimo la 11 jamaa akautia mpira majini, nikajua imekwisha. Lakini akamaliza nafasi ya 5, sare na Sungjae Im. Nikalala natabasamu.

Asubuhi naangalia salio: 30,000 badala ya 60,000! Huduma kwa wateja wakanijibu kwamba nafasi ilikuwa moja na wachezaji wawili, kwa hiyo dau linagawanywa mara mbili na nusu ndiyo inayolipwa. Rory McIlroy na Justin Rose nao walifungana, mbona hao walirudi uwanjani hadi bingwa akapatikana?

Wazoefu, hii sheria ipo kila kampuni au nimepigwa?

La pili, shemeji anasema nisiwaguse wanaocheza Masters kwa mara ya kwanza, kwani tangu Fuzzy Zoeller 1979 hadi huo mwaka wa 2025 hakuna mgeni aliyetwaa koti la kijani, lile analovishwa bingwa. Je, historia ya namna hii mnaifuata mnapobeti, au mnaangalia fomu tu? Mke hajui habari ya hiyo 20,000, kwa hiyo matusi kidogo tafadhali.