Safari ya treni ya siku moja na mtoto: Moro, Dodoma au TAZARA?

Taruma la Nne
Wakuu, habari za jioni. Nina Jumamosi moja ya mapumziko na kijana wangu nimemwahidi treni. Zimebaki tatu kichwani: SGR (ile treni mpya ya umeme) mpaka Morogoro tule mchana turudi, SGR mpaka Dodoma, au TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) walau kipande. Ipi ina raha kwa mtu anayependa treni yenyewe? Kufika si shida yangu. Mimi hata ikisimama porini saa nzima nafurahi.

Nyundo Kavu
Unatokea wapi? Mtoto ana miaka mingapi? Mfuko unasemaje? Mnakwenda wangapi? Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Fundi Bogi
Moro. Funga uzi. Nauli ya kawaida 13,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Asubuhi unaondoka, chini ya saa mbili uko Morogoro, unaiona milima ya Uluguru, unakula, jioni uko kwako. Dodoma utakwenda kuona nini, Bunge?

Mjomba wa Mlimba
Anayependa treni haulizi, anakwenda TAZARA. SGR ni ndege isiyopaa. Vioo havifunguki, kiyoyozi kinakupuliza, hata mlio wa reli husikii. TAZARA unafungua dirisha, unatoa kichwa (mtoto asitoe), kichwa cha treni unakiona mbele kinakata kona. Ukiingia hifadhi ya Nyerere, kati ya Matambwe na Kisaki, twiga wamesimama kama wanasubiri nauli. Mimi nimeona tembo nikiwa na kikombe cha chai mkononi, chai ikapoa.

Nyundo Kavu
Mjomba, kasema SIKU MOJA. TAZARA haiondoki kila siku. Huyo mtoto utamshusha Kisaki usiku alale kwa nani?

Mjomba wa Mlimba
Kuna gesti.

Nyundo Kavu
Na ya kurudi anaisubiri siku ngapi? Jibu hilo kwanza.

Mjomba wa Mlimba
Aombe ruhusa kazini.

Mama Kulwa
Moro ni nzuri lakini ngoja niwape yangu, msije mkajifanya wajanja kama mimi.

Nilikwenda mwaka jana na mapacha wangu, miaka 7. Kwenda, raha tupu. Doto alibandika pua kwenye kioo toka Pugu mpaka Ngerengere. Sasa, stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda, mjini ni bajaji. Tukaenda mjini, tukala, watoto wakataka kuona mto pale Rock Garden, tukapanda. Tiketi ya kurudi ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imezimika kwa sababu nilichukua video njia nzima. Saa ya treni nikaikumbuka kwa kichwa. Kichwa changu kilikosea kwa saa moja. Kufika Kihonda, naambiwa imeondoka. Nikasimama pale na mfuko wa ndizi za Matombo, wala sina wa kumlaumu.

Tukaenda stendi ya mabasi Msamvu. Kuna basi, jina silitaji, mpiga debe akaniapia kwa mama yake linaondoka sasa hivi. Hiyo ni saa 11 jioni. Liliondoka saa 1 na nusu, siti za katikati wameweka ndoo. Kufika Mikese likazima. Konda akashuka na tochi, dereva akashuka, abiria wanaume wote nao wakashuka kwenda kutazama injini, ungedhani wote mafundi. Sisi tukakaa kwenye majani. Kulwa kalala juu ya mfuko wa ndizi, asubuhi zilikuwa uji. Mara kwa mbali kule porini ukapita mstari mmoja wa taa, mrefu, kimya, kama mtu amevuta uzi. Doto akaniuliza, "Mama, ile ndiyo yetu?"

Mbezi tulifika saa 7 usiku. Kwa hiyo kaka, Moro nenda, ila andika saa ya kurudi kwenye karatasi na uiweke kwenye soksi.

Fundi Bogi
Pole dada 😂 "Ile ndiyo yetu" imenimaliza.

Taruma la Nne
Pole sana Mama Kulwa. Haya, maelezo niliyoyaacha. Nakaa Gongo la Mboto. Kijana ana miaka 6. Nyumba yetu haiko mbali na reli ya zamani, treni ya mizigo ikipita vikombe vya kabatini vinaongea. Yeye anapanda kwenye kochi anahesabu mabehewa kwa sauti, akipotea anaanza upya wakati treni imeshapita. Mama yake amepiga marufuku kuhesabu wakati wa kula.

Mimi nina daftari la namba za vichwa vya treni tangu nikiwa sekondari. Juzi nimelifungua nimekuta katikati ya namba zangu kumeandikwa "Mama Zai 20,000, Mwajuma hajaleta wiki mbili". Limegeuzwa daftari la kikoba. Nimeuliza, nimejibiwa kwamba hizo ni namba zenye faida.

Cha muhimu ambacho sikusema: mtoto anataka HANDAKI. Ameniuliza treni ikiwa ndani inawasha taa au inakwenda gizani. Nimemwambia tutaona.

Nyundo Kavu
Ona sasa! Hilo ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza. Dar mpaka Moro hakuna handaki. Ungempeleka ukamrudisha na kilio.

Binti wa Kihonda
Basi ashuke Kilosa, nauli ni ndogo kuliko Dodoma.

Nyundo Kavu
Mahandaki yako baada ya Kilosa ukielekea Dodoma. Akishuka Kilosa ameyaacha mbele yake. Reli ya zamani kipande kile ilikuwa imelala kando ya mto Mkondoa, kila masika mto unaamua. SGR wakapandisha mlimani na kutoboa. Lile refu kuliko yote linazidi kilomita 1. Kwa spidi ile ni sekunde kadhaa tu, mwambie mtoto asisinzie.

Mjomba wa Mlimba
Handaki? Mngesema mapema. TAZARA ina mahandaki 22, na mengi yamejipanga kati ya Mlimba na Makambako. Unatoka moja, hujamaliza kusema "ahaa", umeingia jingine. Tena treni inakwenda taratibu, handaki unalifaidi. SGR ni kama kupepesa macho.

Fundi Bogi
Mjomba na TAZARA yake. Reli ya upana wa meta moja ile ile kama Reli ya Kati ya zamani, tofauti ni rangi ya mabehewa tu.

Mjomba wa Mlimba
Umekosea tena umekosea kwa kujiamini. Reli ya Kati, ile waliyojenga Wajerumani, upana kati ya vyuma ni milimita 1,000 kamili. TAZARA ni 1,067, ilijengwa 1970 hadi 1975 ioane na reli za Zambia na kusini. SGR ni 1,435. Milimita 67 ni kama vidole vinne vya mtu, lakini behewa la huku haliingii kule. Ndiyo maana pale Kidatu zinapokutana mizigo inabidi ishushwe huku ipakiwe kule. Jina lako Fundi Bogi, bogi lipi hilo?

Fundi Bogi
La mizigo. Nimekubali, endelea na twiga wako.

Msafiri wa Voi
Jirani wa Kenya hapa. Kama mtoto anapenda treni hivyo, siku moja mlete Nairobi, makumbusho ya reli. Kuna dude linaitwa Mount Gelai, namba 5918, garimoshi la mvuke aina ya Garratt, darasa la 59, lilijengwa Manchester miaka ya hamsini. Magurudumu yamempita mtu mzima kiuno. Mtoto anaruhusiwa kupanda kwenye chumba cha dereva, mimi wangu alikataa kushuka. Na Mlima Gelai wenyewe uko kwenu Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Mlima mnao nyinyi, garimoshi tunalo sisi.

Binti wa Kihonda
Swali la pembeni. Hii SGR ya umeme inaitwaje garimoshi wakati haina moshi?

Fundi Bogi
Treni basi. Au mchongoko.

Nyundo Kavu
Mchongoko ni ile yenye pua tu. Nyingine za SGR zina kichwa cha umeme na mabehewa ya kawaida. Watu siku hizi kila kitu mchongoko, hata ya mizigo.

Mama Kulwa
Bibi yangu Tabora aliita "gari la moshi" hata la dizeli, na hakuna aliyemsumbua. Basi la abiria naye aliita "motokaa". Acheni wazee na maneno yao.

Binti wa Kihonda
Nimeuliza tu jamani.

Nyundo Kavu
Turudi kwa mwenye uzi. Hesabu ya kawaida, wewe, mkeo na mtoto. Dodoma 31,000 mara mbili na nusu yake 15,500, jumla 77,500. Kwenda na kurudi 155,000 bila chakula. Moro kwa watu hao hao ni 65,000. Tofauti ni 90,000, hiyo ndiyo bei ya handaki. Halafu Dodoma na kurudi siku hiyo hiyo ni zaidi ya saa sita kwenye kiti. Wewe unaweza. Mama watoto je? Umemuuliza?

Taruma la Nne
Hilo ndilo tatizo jingine. Jumamosi hiyo kuna kicheni pati ya shemeji yangu. Mimi nilidhani haituhusu wanaume.

Mama Kulwa
Haikuhusu kuingia. Inakuhusu kubeba viti, masufuria na kumrudisha mkeo saa 5 usiku. Ahirisha treni.

Fundi Bogi
Asiahirishe. Ampeleke mtoto, nyumba ibaki wazi kwa akina mama. Hiyo ni zawadi kwao.

Binti wa Kihonda
Mkuu ukirudi na mtoto amelala begani na wageni bado wapo, utajua hujui.

Mjomba wa Mlimba
Kama ni kuahirisha, ahirisha mpaka likizo ya shule. Halafu TAZARA, siku nne, familia nzima. Nitakuelekeza pa kula wali na samaki Ifakara.

Taruma la Nne
Mjomba, nimesema siku moja.

Taruma la Nne
Nimemuuliza mama watoto. Amesema niende Dodoma ila nirudi na zabibu, na daftari la namba anabaki nalo yeye hadi kikoba kivunjwe. Sijui kama hiyo ni ndiyo. Kijana ameshaweka viatu mlangoni na Jumamosi bado siku tano.

Nyundo Kavu
Hiyo ni ndiyo yenye masharti. Kata tiketi mapema, namba ya malipo ikitoka lipa hapo hapo. Kitambulisho usisahau, na uwe stesheni saa mbili kabla. Omba siti ya dirishani.

Mama Kulwa
Na karatasi kwenye soksi.

Chuma Cha Pua
Samahani kuingilia. Kuna mtu anajua wapi naweza kupata mataruma ya mti (yale magogo yanayolaliwa na reli) yaliyotolewa? Nataka kutengeneza benchi la bustani.

Mjomba wa Mlimba
Ya mti au ya chuma? Maana ya chuma ukikutwa nayo utaeleza polisi, si sisi.

Chuma Cha Pua
Ya mti, mzee wangu. Benchi tu.

Fundi Bogi
Na jina lako lenyewe hilo...