Naomba ushauri: bastola ya ofisa wa Kijerumani ya maboksi kwa ajili ya igizo la Maji Maji

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, heshima kwenu. Niko Songea, nasimamia kikundi cha maigizo cha sekondari. Tunaandaa igizo la vita vya Maji Maji huku Ungoni, na tunataka kulionyesha karibu na kumbukumbu za tarehe 27 Februari. Ndani yake kuna ofisa wa Kijerumani anayetoa bastola mbele ya watu waliokamatwa. Za plastiki za dukani zote ni za kisasa, tena zina taa na mlio, wanafunzi wenyewe wanacheka. Nimeamua tutengeneze kwa karatasi na maboksi. Nimepata picha ya bastola ya Kijerumani iitwayo Luger mtandaoni, nikaichapisha kwa ukubwa wake halisi, lakini jaribio la kwanza limelegea kama chapati ya jana. Bajeti ni ndogo na mvua ndiyo hizi. Wajuzi nisaidieni, ionekane ya kweli.

Kisiki cha Mpingo
Nakaa siti ya mbele. Ngoja waje mafundi.

Mzee wa Nyaraka
Mwalimu, kabla hujakata boksi lingine, iweke kando hiyo Luger. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea mwaka 1908, ndiyo maana inaitwa P08. Jeshi la majini lililitangulia, 1904. Maji Maji ilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, na walionyongwa Songea walinyongwa 27 Februari 1906. Ofisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, huko Ungoni mpe revolva ya jeshi, ile ya silinda ya risasi sita. Ziko mbili: ya 1879 yenye mtutu mrefu, na ya 1883 iliyofupishwa. Chukua ya 1883, urefu wake wote ni karibu sentimita 26. Haijikoki yenyewe: mshikaji anavuta nyundo nyuma kwa dole gumba kila anapotaka kupiga. Mpini umepinda, na chini yake kuna pete ya kufungia kamba. Na askari wako wasibebe bunduki zenye magazini ya kuchomoza. Wengi wao walikuwa na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja.

Mwalimu wa Zamu
Mzee, shikamoo. Hiyo ya 1908 ingetuumbua mbele ya wazee wa Makumbusho ya Maji Maji. Lakini revolva si ndiyo ngumu zaidi? Ile silinda ya duara nitaitoaje kwenye boksi?

Fundi Manila
Mwalimu, revolva ndiyo rahisi, kwa sababu karibu yote ni mabomba, na bomba la karatasi ni gumu kuliko unavyofikiri. Nianze na kilichokulegeza: naona umetumia boksi la bati, lile lenye mawimbi katikati. Hilo lina uti upande mmoja tu, ukilikata jembamba linakunjika. Tumia boksi gumu la kijivu, kama la viatu au jalada la daftari kubwa, na gundi nyeupe ya mbao. Uji wa ngano utakuvutia mende, na kwa mvua hizi utaota ukungu.

Mwili uchore wa ubavu, ukate vipande vingi vya umbo lile lile, uvibandike kimoja juu ya kingine. Boksi la milimita 2 mara kumi linakupa unene wa sentimita 2, unatosha kwa mwili na mpini. Panga vipande vingine vikiwa vimekatwa kwa urefu wa boksi na vingine kwa upana, ndipo havipindi. Weka chini ya matofali usiku kucha, asubuhi unapiga msasa kama mbao. Kingo za mpini ziviringe hadi zikae kiganjani.

Sasa silinda. Hapa usikate duara. Viringisha mabomba saba yanayolingana, kila moja liwe na unene wa sentimita 1.5 kwa nje. Moja liweke katikati na sita yalizunguke. Yatakaa yenyewe bila kulazimishwa, na upana wote utakuwa sentimita 4.5, karibu sawa na silinda yenyewe. Karatasi ya A4 ya kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo bomba lenye tundu la milimita 11 linataka mizunguko kama 20. Hiyo ni A4 tatu zilizounganishwa kwa urefu. Zipake gundi nyembamba, zungushia kalamu nene iliyopakwa mafuta kidogo, kisha ichomoe kabla haijashika. Kata yote kwa urefu mmoja wa sentimita 4.

Mabomba yakishafungwa pamoja, funika kwa tishu iliyolowa gundi, kisha pitisha kidole kwenye kila bonde kati ya bomba na bomba. Utapata ile mifereji ya nje ambayo revolva nyingi zinayo, na hukuchonga kitu. Mimi kila nikifika hapo natabasamu peke yangu.

Mtutu ni bomba lingine refu, lenye kuta nene zaidi. Nyundo ni boksi, nayo ipite kwenye kipande cha waya ili isogee kwa dole gumba. Kifyatulio kibandike kisisogee.

Kisiki cha Mpingo
Na risasi je, tuweke za mahindi? 😂

Fundi Manila
Kisiki, weka karatasi iliyoviringishwa na kubandikwa, isiyo na uwazi ndani. Matundu ya mbele yazibe kwa ndani. Silaha ya jukwaani isiwe na mahali popote pa kuingiza kitu.

Bibi Jukwaa
Wanangu, Fundi amesema vizuri, lakini hadhira iko mita nane, kumi. Haioni mifereji. Inaona mkono wa mwigizaji. Ile ya kweli ina uzito wa karibu kilo moja. Ya karatasi utaona kijana anaipeperusha kama feni, na hapo ofisa wote amekufa. Mwalimu, kabla hujafunga mpini, acha uwazi katikati ya vile vipande, ujaze mchanga mkavu uliochanganywa na gundi. Jaza mpaka uwazi ujae. Usitie nati wala chuma mbele, ikimponyoka ikampiga mwenzake puani mtaelewana na wazazi.

Halafu mfundishe aivute nyundo taratibu, watu wamwone. Pale pana woga kuliko mlio. Na mlio wenyewe uwe nyuma ya pazia: ubao mrefu, ncha moja umeikanyaga, nyingine umeinua kwa kamba, ukiachia unapiga sakafu ya saruji kama bunduki. Fataki msilete.

Mwalimu wa Zamu
Bibi, hilo la ubao tumelijaribu sasa hivi darasani, mlinzi kaja mbio. Asante! Rangi je? Nyeusi ya kupuliza inaacha karatasi inang'aa kama jiko jipya.

Fundi Manila
Usipulize moja kwa moja. Kwanza gundi ya mbao iliyotiwa maji kidogo, makoti mawili, msasa laini katikati. Kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Ikikauka kabisa, saga penseli laini ya 6B, chukua unga wake kwa kidole, sugua kwenye kingo, mdomo wa mtutu na mgongo wa nyundo, yaani pale ambapo mkono na mkoba wa bastola hupasugua miaka yote. Itatoa rangi ya chuma yenyewe. Malizia na vanishi isiyong'aa, ndiyo kinga ya mvua. Mpini upake kahawia.

Mkaaji Nakuru
Mwalimu, kazi ni nzuri, lakini mkifuata hayo yote mtakuwa na kitu ambacho askari wa doria hawezi kutofautisha usiku. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 34, inamshika anayetumia silaha ya bandia kwa nia ya uhalifu sawa na anayetumia halisi. Ninyi hamna nia hiyo, sawa, lakini mwanafunzi mmoja akiibeba mfukoni kwenye bodaboda nani atasubiri kueleza? Kule Cleveland, Marekani, Novemba 2014, polisi walimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12. Alichokuwa nacho ni bastola ya kuchezea iliyoondolewa ile alama ya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa mtutu, inayoonyesha kuwa si halisi.

Kisiki cha Mpingo
Mkuu, hiyo ni Marekani. Huku ni boksi la viatu.

Mkaaji Nakuru
Boksi la viatu likishapakwa penseli ya 6B, ndugu yangu, si boksi tena. Si ndicho alichoomba?

Bibi Jukwaa
Nakuru yuko sahihi. Vikundi vyenye nidhamu vina mtu mmoja wa vifaa. Silaha zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli, zinatoka kwa zoezi, zinarudi, mtu anahesabu. Tengenezeni pete ya manila ya rangi ya chungwa ivalishwe kwenye mdomo wa mtutu, ivuliwe nyuma ya pazia tu. Mkuu wa shule awape polisi taarifa ya onyesho kwa barua. Na mwigizaji asiielekeze kwa hadhira wala usoni kwa mwenzake. Aelekeze pembeni kidogo ya bega. Ukikaa mbele huoni tofauti.

Mwalimu wa Zamu
Nimepokea yote. Sanduku la maabara lenye kufuli lipo, na pete tutaitengeneza leo. Swali la mwisho: mkoba wa kiunoni. Ngozi hatuna.

Bibi Jukwaa
Manila mbili zilizobandikwa pamoja, zikunjwe zikiwa bado mbichi juu ya bastola iliyofungwa mfuko wa nailoni. Zikikauka zinashika umbo. Toboa kingo kwa msumari, pitisha uzi mnene mweupe kama mshono wa fundi viatu, kisha polishi ya viatu ya kahawia, kitambaa, polishi tena. Kifuniko kiwe kikubwa, kifunike hadi mpini. Kijana akiwa anahangaika kukifungua mbele ya mateka, mwache ahangaike.