Lethal Weapon msimu wa 3: Riggs hata hajapoa, Murtaugh keshapewa mwenzake mpya!

Wakuu, nimekasirika na tamthilia hii ya wapelelezi wawili wa polisi wa Los Angeles, Riggs na Murtaugh. Ambaye hajafika msimu wa tatu aishie hapa, maana nataja kila kitu.

Clayne Crawford, aliyecheza Riggs, aliondolewa Mei 2018 kwa tuhuma za mwenendo wake kazini. Hapo sibishi, kazi ikishindikana imeshindikana. Ugomvi wangu ni ile episodi ya kwanza waliyotuletea Septemba mwaka huohuo. Episodi 40 tumemtazama Murtaugh akimbeba Riggs kama mdogo wake wa damu. Riggs anakufa kwa risasi, msiba haujaisha, tayari tunaletewa Wesley Cole, aliyekuwa jasusi wa CIA, eti tumzoee!

Hivi hawa waandishi wanajua kwa nini wale wawili waliivana? Murtaugh ametoka kuugua moyo, ana mkewe Trish na watoto, shida yake ni jioni imkute nyumbani akiwa mzima. Riggs mkewe Miranda alikufa ajalini akiwa na mimba, analala kwenye trela ufukweni, na leo au kesho kwake ni sawa tu. Mmoja anataka kuzeeka, mwingine hana cha kupoteza, halafu wanapanda gari moja na Riggs ndiye anayekanyaga mafuta. Mtazame usoni Damon Wayans, anayecheza Murtaugh, pale: macho yamemtoka, mdomo unafoka, na bado hashuki. Ndiyo tamthilia yenyewe ile. Milipuko na kufukuzana ni nyongeza.

Sasa Cole. Ana binti, Maya, na amerudi Los Angeles ili awe karibu naye. Maana yake naye anataka kuishi! Mmeweka baba wawili ndani ya gari, wote wana wa kurudia nyumbani. Nani amshike mwenzake shati asiruke? Seann William Scott, anayemcheza Cole, simlaumu hata kidogo, anacheza alichoandikiwa.

Wangemwacha Murtaugh amkatae. Akae kiti cha dereva peke yake wiki kadhaa, bosi wake Avery ambembeleze, yeye agome. Mtu amezika ndugu yake, jamani! Badala yake majonzi yote yamebanwa humo humo ilimradi tumpate stelingi mpya. Episodi 15 tu, na Mei 2019 Fox, kituo kilichokuwa kikiirusha, wakaifuta kabisa.

Na ninyi mnaosema Cole naye yuko poa, nitajieni tukio moja ambalo Murtaugh anamhofia Cole kama alivyokuwa akimhofia Riggs. Moja tu.